Anguko Bila Mwangushaji: Hatima ya Mtawala Mwanajeshi katika Fasihi ya Kiswahili Ikisomwa kutoka Kasulu

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna fasihi ya Kiswahili, hususani utenzi wa vita, inavyosimulia hatima ya mtawala mwanajeshi. Hoja ya msingi ni kwamba nomino anguko, iliyopewa nafasi kuu katika masimulizi hayo baada ya vita vya Kagera, ina sarufi inayomficha mtenda na kulifanya tukio lionekane kuwa tamati. Kwa kuchanganua mnyambuliko wa vitenzi na kusoma umbo la kazi teule, makala yanaonesha kwamba sarufi hiyo inaafikiana na kuondoka kwa Idi Amin kama kulivyoonekana Tanzania mwaka 1979, lakini haitoshi kuisimulia historia ya Michel Micombero na Mobutu Sese Seko kama ilivyowafikia wakazi wa Kasulu na Kibondo. Huko anguko la mtawala halikufunga kisa. Mara mbili lilifuatana na kupanda kwa mwanajeshi mwingine, na mara moja lilitanguliwa na kufunguliwa kwa kambi ambayo iliendelea kuwapo baada ya utawala huo kuanguka. Makala yanapendekeza maswali matatu ya kumwongoza mhakiki anayesoma kazi za aina hii.

1.0 Utangulizi

Tarehe 11 Aprili 1979 majeshi ya Tanzania, yakishirikiana na wapiganaji wa Uganda waliokuwa uhamishoni, yaliiteka Kampala, na utawala wa Idi Amin Dada ukafikia kikomo. Utawala huo ulikuwa umeanza kwa bunduki tarehe 25 Januari 1971, Milton Obote akiwa Singapore kwenye mkutano wa Jumuiya ya Madola. Fasihi ya Kiswahili haikuchelewa kulipokea tukio hilo. Mwaka 1980 Baldwin Mzirai alichapisha Kuzama kwa Idi Amin, na mwaka 1981 Henry Muhanika akachapisha Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada. Kazi ya kwanza ni ya nathari na ya pili ni ya ushairi, lakini majina yake yanakubaliana katika jambo moja: kila jina linauweka mwisho wa mtawala katika nomino iliyotokana na kitenzi kisichotaja mtenda. Amin anazama, Amin anaanguka. Aliyemzamisha na aliyemwangusha hawatajwi, kwa kuwa msomaji wa wakati ule aliwajua.

Tanzania, hata hivyo, ina mpaka mwingine. Kasulu na Kibondo ziko katika nyanda za juu za Buha, mkoani Kigoma, jirani na Burundi. Katika nyanda hizo mtawala mwanajeshi hakujulikana kwa jeshi lililotoka kwenda kumwangusha. Alijulikana kwa watu waliokuja wakimkimbia: kutoka Burundi mwaka 1972, tena baada ya Oktoba 1993, tena mwaka 2015, na kutoka Kongo tangu 1996. Mkazi wa Makere, kijiji kilicho jirani na kambi ya Nyarugusu, ameishi na matokeo ya tawala hizo kwa karibu kuliko alivyoishi na matokeo ya utawala wa Amin. Lakini mwanafunzi wa fasihi anapotaka mfano wa Kiswahili kuhusu kupanda na kuanguka kwa mtawala mwanajeshi, mfano anaoupata kwa urahisi ni wa Kagera.

Swali linaloongoza makala haya linatokana na tofauti hiyo. Je, zana za lugha na za utanzu zilizotumika kumsimulia Amin zinafaa kuwasimulia watawala ambao kuanguka kwao hakukuwarudisha nyumbani waliokuwa wamekimbia? Uchambuzi unajikita katika majina ya kazi, msamiati wa matukio na mahali anguko linapowekwa katika msuko, badala ya ubeti mmoja mmoja. Sehemu ya pili inachunguza sarufi ya anguko; ya tatu inalitazama anguko katika mapokeo ya utenzi; ya nne inaichukua historia ya Burundi na Kongo kama inavyoonekana Kasulu; ya tano inachunguza kazi mbili zinazotoa mfano tofauti; na ya sita inajibu pingamizi.

2.0 Sarufi ya Anguko

Kitenzi anguka kina uhusiano wa kimnyambuliko na angua. Katika Kiswahili cha leo angua imebaki na matumizi machache, kama vile kuangua embe, kuangua vifaranga na kuangua kicheko. Kiambishi -k- katika anguka ni kile cha kauli ya kutendeka, ambacho hueleza hali inayompata mhusika bila kumhitaji mtenda. Anayetaka kumtaja mtenda hulazimika kutumia angusha, na katika kauli ya kutendwa, angushwa.

Tofauti hiyo hujitokeza wazi zaidi panapotumika neno na. Katika sentensi "Micombero aliangushwa na mawaziri wake", mawaziri ndio watenda. Katika sentensi "Micombero alianguka na mawaziri wake", mawaziri wameanguka pamoja naye. Muundo wa pili hauwezi kubeba maana ya kwanza. Hivyo mtunzi anapochagua anguka au nomino yake anguko, anachagua muundo ambao ndani yake hakuna nafasi ya mwangushaji. Zama ina tabia hiyo hiyo, na inaongeza taswira ya jua au chombo cha majini, vitu ambavyo huzama kwa mujibu wa maumbile yake.

Ulinganisho na lugha ya wakati wa vita unaonesha kwamba uchaguzi huo haukuwa wa lazima. Hotuba ya Julius Nyerere ya Novemba 1978, inayokumbukwa kwa maneno sababu, nia na uwezo, ilijengwa juu ya kitenzi piga kikiwa na kiambishi cha mtendwa -m-. Mtenda alikuwa wazi, mtendwa alikuwa wazi, na kitendo kilikuwa mbele yao. Vita vilipokwisha, majina ya vitabu yakahama kutoka kitendo hadi tukio. Uhamaji huo una mantiki yake: taifa lililotoka vitani lilipenda kuiona hatima ya adui kama hukumu iliyotoka mahali pakubwa kuliko mizinga. Methali aliye juu mngoje chini hutoa hukumu ya namna hiyo. Katika methali hiyo hakuna anayemshusha aliye juu. Kuna anayemngoja tu. Methali haielezi kungoja huko kutachukua muda gani, wala anayengoja atakuwa akiishi wapi.

Neno la pili linalohitaji kuangaliwa ni mapinduzi. Kiswahili hutumia nomino hii kwa matukio ambayo nadharia ya siasa huyatenganisha: umma unaoubadilisha mfumo wa jamii, na maofisa wachache wanaoiteka ikulu usiku. Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964 na mapinduzi ya kijeshi ya Bujumbura ya Novemba 1966 yana jina moja, na kivumishi "ya kijeshi" ndicho kinachobeba mzigo wote wa kuyatofautisha. Tarehe 1 Novemba 1976 Jean-Baptiste Bagaza alimpindua Micombero. Tarehe 5 Februari 1977 Chama cha Mapinduzi kikazaliwa. Ndani ya miezi michache neno moja lilitumika kwa matukio mawili yasiyofanana kwa lolote. Lugha hujaribu kuurekebisha utata huo kwenye nomino za watenda: mwanamapinduzi ni jina la heshima, ilhali aliyepindua serikali kwa bunduki huitwa mpinduaji au mwasi, kutegemea msemaji amesimama upande gani.

Neno la tatu ni mkimbizi. Kimofolojia, mkimbizi ni mtenda: ni mtu anayekimbia. Aliyemkimbiza hayumo katika neno. Nomino ya Kirundi impunzi, inayotokana na guhunga, yaani kukimbia, ina muundo wa kimaana unaofanana. Hata ikiza, neno ambalo Warundi hulitumia kwa mauaji ya 1972, ni jina la janga, kama baa lililoshuka bila kuletwa na mtu. Kwa hiyo, kumficha mtenda si tabia ya Kiswahili peke yake. Hata hivyo, anguko na mkimbizi yanapowekwa pamoja katika simulizi moja, matokeo yake ni makubwa: mtawala ameanguka bila mwangushaji, na raia amekimbia bila mkimbizaji. Uhusiano kati ya watu hao wawili, ambao ndio kiini cha historia yenyewe, unabaki nje ya sentensi.

3.0 Anguko katika Mapokeo ya Utenzi wa Vita

Utenzi wa Muhanika haukuanza njia mpya. Umbo la utenzi wa vita lilikuwa limekwisha kukomaa katika Utendi wa Tambuka wa Mwengo wa Athumani, uliotungwa Pate mwaka 1728, ambamo Mtume na maswahaba wanakabiliana na Herekali, mfalme wa Rumi. Katika umbo hilo mtawala wa upande wa pili ni kipimo cha imani. Kushindwa kwake kunathibitisha ukweli uliokuwa unajulikana tangu mwanzo wa utungo, na hadhira haisubiri kujua nani atashinda. Inasubiri kuona ushindi ukidhihirika. Msuko wa aina hii unahitaji tamati iliyo wazi, kwa sababu tamati ndiyo ushahidi.

Shaaban Robert alilipeleka umbo hilo kwenye historia ya dunia katika Utenzi wa Vita vya Uhuru, unaohusu vita vya 1939 hadi 1945 na uliochapishwa mwaka 1967. Humo madikteta wa Ulaya, Hitler na Mussolini, wanaingia katika nafasi iliyokuwa ya Herekali. Kazi hii ina umuhimu wa pekee kwa mada iliyopo, kwa kuwa ilimpa msomaji wa Kiswahili mfano wa mtawala wa kisasa ambaye kuinuka na kuanguka kwake kunapimwa kwa neno uhuru. Muhanika alipoandika kuhusu Kagera, mfano huo ulikuwa tayari mezani. Jina la utenzi wake linautoa mpango waziwazi: vita kwanza, anguko baadaye, na kiunganishi na kikifanya kazi ya kuonesha kwamba la pili ni tunda la la kwanza.

Itakuwa kosa, hata hivyo, kudai kwamba utanzu huu hauwezi kufanya jambo jingine. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, katika Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, aliisimulia vita ya pwani ya 1888 na 1889 akiwa upande wa walioshindwa. Kitenzi cha jina la utungo huo ni tamalaki, na mtenda wake, Wadachi, ametajwa. Hapo utenzi unaanza na watu wenye miji yao na kuishia na watu wale wale wakiwa chini ya amri ya wengine. Umbo la ubeti ni lile lile, lakini mwelekeo wa msuko umegeuka. Hivyo tatizo linalojadiliwa hapa haliko katika mizani wala vina. Liko katika uamuzi wa kuliweka anguko la mtawala mwishoni na kulitaja kwa nomino isiyo na mtenda.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama hata kwa Uganda yenyewe. Yusuf Lule aliyeapishwa baada ya Amin alidumu siku 68. Godfrey Binaisa alimfuata na kuondolewa Mei 1980. Obote alirudi baada ya uchaguzi wa Desemba mwaka huo. Vita vya Luwero vikaendelea. Maofisa wa jeshi wakampindua Obote kwa mara ya pili Julai 1985. Na Yoweri Museveni akaingia Kampala Januari 1986. Mtunzi wa 1981 hakuweza kuyajua ya 1985. Lakini mhakiki wa leo anayajua, na hana sababu ya kuendelea kulisoma anguko la 1979 kana kwamba pazia lilishuka siku ile.

4.0 Kasulu: Aliyeshuka na Walioendelea Kungoja

Waha na Warundi ni majirani wa karibu kwa lugha na kwa desturi za utawala. Kiha na Kirundi zimo katika kundi moja la lugha za Kibantu, na wasemaji wake huelewana kwa kiasi kikubwa. Pande zote mbili mtawala aliitwa mwami, na jina la kifalme Ntare lilitumika Burundi na pia Heru, eneo la Kasulu, ambako katika miaka ya mwisho ya ukoloni mwami alikuwa mwanamke, Theresa Ntare. Namna tawala hizo zilivyokoma inatofautiana. Tanganyika ilifuta utawala wa machifu kwa sheria mwaka 1963. Burundi ilimwondoa mwami wake wa mwisho kwa jeshi.

Mwaka 1966 kitendo cha kupindua kilitokea Bujumbura mara mbili. Julai, mwanamfalme Charles Ndizeye alimwondoa baba yake, Mwambutsa wa Nne, akatawala kwa jina la Ntare wa Tano, na Kapteni Michel Micombero, aliyezaliwa mwaka 1940, akawa waziri mkuu. Tarehe 28 Novemba waziri mkuu huyo alimwondoa mwami na kutangaza jamhuri. Mwaka 1972 Ntare alikabidhiwa kwa Micombero kutoka Uganda. Aliyemkabidhi, baada ya kupewa ahadi kwamba angelindwa, alikuwa Idi Amin. Tarehe 29 Aprili uasi ulizuka kusini mwa Burundi, na usiku huo huo Ntare aliuawa Gitega. Kilichofuata ni mauaji yaliyowalenga Wahutu, hasa wenye elimu: walimu, wanafunzi, makarani. Makadirio ya waliouawa hutajwa kati ya 100,000 na 300,000. Makumi ya maelfu walivuka kuingia Tanzania, na wengi wao baadaye wakapelekwa kwenye makazi ya Ulyankulu, Katumba na, kuanzia 1978, Mishamo.

Methali aliye juu mngoje chini ilitimia kwa Micombero ndani ya miaka mitano. Novemba 1976 alipinduliwa, akaenda uhamishoni Somalia, na mwaka 1983 akafia Mogadishu. Ikiwa anguko ndilo tamati, utenzi wake ungeishia hapo. Lakini aliyempindua, Bagaza, alikuwa mwanajeshi kutoka Rutovu, mkoani Bururi, tarafa ile ile aliyotoka Micombero. Septemba 1987 Bagaza naye alipinduliwa, akiwa Québec kwenye mkutano wa nchi zinazotumia Kifaransa, na aliyempindua, Pierre Buyoya, pia alikuwa mwanajeshi wa Rutovu. Walioshuka walikuwa watu. Ile juu yenyewe ilibaki mahali pake, ikipokea mwingine kutoka tarafa ile ile. Kwa aliyekuwa akingoja Katumba au Mishamo, maanguko hayo mawili hayakubadilisha anwani.

Buyoya anaitatiza zaidi sarufi ya anguko. Mwaka 1993 alishindwa uchaguzi akaondoka kwa amani, na Melchior Ndadaye akawa rais. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo maofisa wa jeshi walimuua Ndadaye, na mkondo mpya wa watu ukaingia Kasulu na Kibondo. Kambi za Mtabila, Muyovosi, Kanembwa, Mtendeli na Nduta ni za kipindi hicho. Julai 1996 Buyoya alirudi madarakani kwa mapinduzi, kisha akaondoka tena mwaka 2003 kwa mujibu wa Mkataba wa Arusha wa Agosti 2000. Mtawala huyu alipanda mara mbili na kushuka mara mbili, na hakuna hata mara moja ambapo kitenzi anguka kinamfaa bila kusitasita. Kuondoka, kurudi, kukabidhi: hivyo ndivyo vitenzi vya maisha yake ya kisiasa, na tendi haina mazoea navyo.

Kisa cha Mobutu kinaugeuza msuko kabisa. Joseph-Désiré Mobutu alichukua madaraka Kinshasa tarehe 24 Novemba 1965, akaibadili nchi jina kuwa Zaire mwaka 1971, na akaondoka Mei 1997 majeshi ya Laurent Kabila yalipoikaribia Kinshasa. Alifia Rabat Septemba mwaka huo. Vita vilivyomwondoa vilianza Kivu Kusini katika nusu ya pili ya 1996, na watu wa Fizi na Uvira walivuka Ziwa Tanganyika kuingia Kigoma. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa Kasulu mwaka huo wa 1996 kwa ajili yao, Mobutu akiwa bado rais. Waliofika huko walikuwa wamelikimbia anguko lenyewe kabla halijakamilika. Miezi 15 baada ya Mobutu kuondoka, Agosti 1998, vita vya pili vilianza, na kambi ikaendelea kupokea watu. Nyarugusu haikufungwa kwa Mobutu kuanguka. Mwaka 2015, baada ya jaribio la mapinduzi lililoshindwa Bujumbura mwezi Mei, ilipokea Warundi pia, na Nduta iliyokuwa imefungwa ikafunguliwa upya.

Kutokana na mfuatano huo, kitenzi kinachobeba msuko wa historia ya Kasulu ni kimbia, na pamoja nacho ngoja na rudi. Utafiti wa Liisa Malkki (1995), uliofanywa miongoni mwa Warundi wa 1972 walioishi Mishamo na mjini Kigoma, unaunga mkono usomaji huu. Malkki anaonesha kwamba waliokuwa kambini walijenga historia ya pamoja yenye uzito wa kimaadili, ambamo kuuawa, kukimbia na kungoja kurudi vina nafasi kuu, ilhali waliokuwa mjini walielekea kukwepa kufungwa katika utambulisho mmoja. Kwa hiyo hata waliokimbia hawana simulizi moja, na mhakiki hapaswi kuwatungia moja.

5.0 Mifano Miwili ya Msuko Tofauti

Mfano wa kwanza unapatikana katika tafsiri. Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare kuhusu Julius Caesar mwaka 1963, na toleo lililosahihishwa, Juliasi Kaizari, likatoka mwaka 1969. Kaizari ni jemadari aliyepanda kwa ushindi wa kivita na anayeogopwa kwamba atajifanya mfalme. Jambo la msingi kimuundo ni kwamba anauawa katika sehemu ya tatu ya tamthilia yenye sehemu tano. Karibu nusu ya kazi inabaki baada ya anguko, na nusu hiyo inaonesha linachozaa: umati unaogeuzwa kwa hotuba, orodha ya watu wa kuuawa, vita vya wenyewe kwa wenyewe, na kuinuka kwa Oktavio. Waliomuua Kaizari wanatajwa kwa majina, wanajieleza, na wanahukumiwa na matokeo. Hakuna anguko lisilo na mwangushaji humo.

Onyesho fupi la mshairi Sina lina uzito wa pekee kwa msomaji wa Kasulu. Umati unamkamata kwa sababu jina lake linafanana na la mmoja wa waliokula njama, na hata anapojieleza kwamba yeye ni mtu mwingine, jina linatosha kumwangamiza. Msomaji anayejua jinsi wanafunzi na walimu walivyochaguliwa na kuchukuliwa Burundi mwaka 1972 hahitaji maelezo ya ziada. Ni jambo la kutafakari kwamba tafsiri hiyo ilitolewa na kiongozi yule yule ambaye baadaye majeshi yake yaliiteka Kampala. Mwaka 1963 Kiswahili kilikuwa tayari na mfano wa msuko unaoliweka anguko katikati. Mwaka 1981 utenzi uliuchagua ule wa mapokeo ya vita.

Mfano wa pili ni Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir. Utenzi huu unaitazama Pate baada ya fahari yake kupita. Haujishughulishi na nani aliishinda Pate wala lini. Unaingia katika nyumba zilizobaki tupu na kuuonya moyo wa mshairi mwenyewe. Kwa kipimo cha sehemu ya pili, Al-Inkishafi pia haina mwangushaji, lakini kutokuwepo kwake kuna kazi tofauti: lawama inageuzwa imuelekee anayetazama. Utungo huu unalifundisha jicho kubaki mahali baada ya mtawala kuondoka. Usichokiona ni wale walioondoka wakiwa hai. Nyumba za Pate zimeachwa na waliokufa; nyumba za Makamba na Fizi ziliachwa pia na watu ambao bado wanaulizia habari zake.

6.0 Pingamizi

Pingamizi la kwanza linaweza kuwa kwamba majina ya vitabu si vitabu, na kwamba wasemaji wa Kiswahili hutumia angushwa na pinduliwa bila shida yoyote. Pingamizi hilo ni sahihi, na linaiimarisha hoja. Lugha ina nyenzo za kumtaja mtenda. Kutozitumia ni uamuzi wa kisanaa na kiitikadi unaostahili kuhakikiwa. Makala haya hayadai kwamba Kiswahili kinawalazimisha watunzi kufikiri kwa namna fulani.

La pili ni kwamba utenzi wa Kagera ulitungwa kuadhimisha ushindi wa haki dhidi ya uvamizi, na si haki kuudai habari za Burundi. Hilo nalo linakubalika. Wakazi wa Kagera waliuawa na kufukuzwa makwao mwaka 1978, na furaha ya 1979 ilikuwa na msingi. Kinachopingwa ni kuigeuza kazi moja kuwa kielelezo cha jumla cha mtawala mwanajeshi barani Afrika, kwa sababu Amin ndiye mtawala ambaye Tanzania ilimshinda kwa silaha. Micombero na Mobutu ni watawala ambao Tanzania iliwapokea waathirika wao, na mapokezi hayo ni sehemu ya historia ya Watanzania kama vita vile vilivyo.

La tatu ni kwamba kumbukumbu za Warundi zimo katika Kirundi na Kifaransa, hivyo hazihusu fasihi ya Kiswahili. Dai hili linasahau waliokulia Katumba, Mishamo na Ulyankulu, ambao zaidi ya 160,000 kati yao walipewa uraia wa Tanzania. Linasahau pia kwamba wengi wa waliotoka Fizi na Uvira walifika Kasulu wakiwa tayari wanazungumza Kiswahili cha mashariki ya Kongo. Kwa hao Kiswahili ni lugha ya kwenda shule, ya kupanga foleni ya chakula na ya kusimulia. Fasihi yao ikiandikwa kwa lugha hiyo, itahitaji wahakiki walio tayari kuisoma bila kuidai anguko mwishoni.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba anguko ni neno lenye nadharia ndani yake. Kiambishi cha kutendeka kinamwondoa mtenda, na mapokeo ya utenzi wa vita yanaliweka tukio mwishoni. Mambo hayo mawili yalilingana na mazingira ya 1979 na yakatoa kazi zenye nafasi halali katika historia ya fasihi ya Kiswahili. Historia iliyopita Kasulu na Kibondo inaonesha mipaka yake: Micombero, Bagaza na Buyoya walipokezana cheo, na Mobutu alipoondoka aliiacha Nyarugusu ikiwa na watu.

Kwa hiyo inapendekezwa kwamba mhakiki wa kazi inayomhusu mtawala mwanajeshi aulize maswali matatu. Anguko limewekwa wapi katika msuko, na ni kiasi gani cha kazi kinabaki baada yake? Vitenzi vinavyosimulia kupanda na kushuka kwa mtawala vina watenda gani, na ni nani aliyeondolewa katika nafasi hiyo? Tatu, walio chini, wale ambao methali inawaambia wangoje, wamepewa vitenzi gani? Maswali hayo yanaweza kuanza kufanyiwa kazi katika semina za shahada za juu kwa kuziweka kazi za Mzirai na Muhanika sambamba na Juliasi Kaizari, na kwa kukusanya, kwa idhini na uangalifu unaostahili, masimulizi ya Kiswahili ya watu waliozaliwa Mtabila, Nduta na Nyarugusu. Kambi ya Mtabila ilifungwa Desemba 2012, na waliokuwa wakiishi humo wametawanyika. Waliofika mwaka 1972 wakiwa watu wazima sasa ni wazee. Kazi hiyo haiwezi kusubiri mtawala mwingine aanguke.